Nyumba Bila Daftari

Mpwa wangu alinipigia simu mwezi uliopita akaniambia, "Shikamoo mjomba. Nakuomba uje Machakos Jumamosi, nataka uwe shahidi." Nikafurahi nikidhani ni mambo ya nikaha, maana ana binti aliyefikia umri wa kuolewa. Kumbe sivyo. Amepata kiwanja huko Katelembo, nje ya mji wa Machakos, na sasa ataka kujenga nyumba yake, na uani ajenge kijumba cha mamake. Mamake ni dada yangu, mjane, ambaye miaka yote hii anaishi peke yake Mji wa Kale, Mombasa. Shahidi aliyetakiwa ni wa mapatano baina ya kijana na fundi wake.

Nilicheka. Nikamwuliza, "Kwani fundi mwenyewe humwamini?"

Akajibu, "Namwamini mjomba, ndiyo maana nataka tuandikiane naye. Nisiyemwamini nisingemwita hata kuchimba msingi."

Jibu hilo lilinikaa moyoni safari nzima, usiku kucha ndani ya basi, na sababu yake nitaieleza hapa chini. Alfajiri tuliteremka Kyumbi, pale njia ya Machakos inapoachana na barabara kuu ya Nairobi, mimi na dada yangu aliyejitanda buibui juu ya sweta mbili. Baridi ya bara haina huruma kwa mtu wa pwani.

RANCHI ILIYOGEUKA MTAA

Wazee wetu waliijua Ukambani kabla ya reli. Katika karne ya 19 Wakamba waliteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa, na misafara ya Waswahili nayo ikapanda bara. Kampuni ya Waingereza iliyotawala kabla ya serikali yao ilijenga boma Machakos mwaka 1889, na hapo pakawa makao ya utawala mpaka yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1899. Kwa hivyo kwenda kwa mtu wa Mombasa Machakos si jambo geni. Lililo geni ni kwamba siku hizi haendi kuuza nguo na shanga, aenda kujenga akae.

Katelembo ni jina la ardhi ya ushirika. Chama chake huitwa Katelembo Athiani Muputi Farming and Ranching Cooperative Society, na ni kimoja katika vyama vya ranchi ambavyo Machakos imejulikana navyo tangu uhuru. Katika vyama vya namna hii mwananchi alikuwa na hisa, na hisa ile maana yake ilikuwa ng'ombe na malisho. Wanachama walipozeeka, watoto wakawa wengi na mji ukasogea, hisa ikageuka kiwanja. Nairobi haiko mbali, ni kama kilomita 60 na kitu, na mwaka 2009 serikali iliponunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili ili kujenga mji wa Konza, kila mwenye kipande cha ardhi upande ule wa barabara alianza kukitazama kwa jicho jingine.

Basi leo ukipita sehemu hizo waona mambo mawili kwa pamoja. Waona nyumba mpya, nyingine za mawe ya kuchongwa, nyingine za matofali ya kuchoma. Na katikati yake waona kuta zilizosimama kwenye kimo cha linta, hazina paa, na nyasi zimeota ndani. Nilizihesabu zile nilizoziona nikiwa ndani ya matatu, nikachoka. Kila moja ni fedha ya mtu iliyolala pale, na nadhani nyingi ni ugomvi pia.

ARDHI KWANZA

Sisi watu wa pwani tunalijua vizuri fumbo la kujenga juu ya ardhi isiyo yetu. Mombasa tuna jambo liitwalo "nyumba bila ardhi": kuta ni zako, paa ni lako, lakini chini ni kwa mwingine, nawe wamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Mizizi yake ni mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani aende akaandikishe. Aliyejua njia za ofisi aliandikisha. Asiyejua, au aliyedhani kwamba shamba alilolima babu yake halihitaji karatasi, alilala na shamba akaamka bila shamba, kwani lisilodaiwa lilihesabiwa kuwa la serikali. Machozi ya pwani juu ya ardhi sehemu kubwa ni machozi ya karatasi.

Machakos nayo ina machozi yake. Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa kwa madai kwamba ardhi ile ni ya uwanja wa ndege. Oktoba 2023 matingatinga yaliingia Mavoko, yakabomoa nyumba zilizojengwa juu ya ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, baada ya mahakama kukata shauri kwamba ardhi ni ya kampuni. Wengi waliobomolewa walikuwa wamenunua, wamelipa, na wana vipande vya karatasi mikononi. Lakini karatasi ya hisa ni kitu kimoja, na hati miliki iliyomo katika daftari la serikali ni kitu kingine.

Mpwa wangu, Mwenyezi Mungu ambariki, alikuwa amejifunza. Alilitafuta jina la muuzaji katika daftari la ardhi kabla ya kutoa hata shilingi. Na kwa kuwa kiwanja kimekatwa katika ardhi ya kilimo, alikwenda mbele ya bodi ya ardhi akapata kibali, kwani bila kibali hicho mauzo ya ardhi ya kilimo katika Kenya huwa batili. Baadaye hati ikatoka kwa jina lake. Mpaka hapo yuko salama.

Lakini ndugu msomaji, ardhi ikishakuwa salama huja hatari ya pili, ambayo magazeti hayaizungumzi sana kwa kuwa haina matingatinga. Hatari hiyo ni maneno matupu baina ya mwenye nyumba na fundi wake.

RAFIKI YANGU FUNDI

Miaka mingi iliyopita nilijenga nyumba yangu mwenyewe. Fundi alikuwa rafiki yangu, tulisoma chuoni pamoja kwa mwalimu mmoja, tukachapwa kwa bakora moja. Kuandikiana naye kungekuwa tusi. Tulipatana barazani, kwa kahawa, kwamba atanijengea vyumba vitatu na ukumbi, kwa fedha fulani, vifaa na kazi vyote juu yake. Nikampa fedha za kuanzia, tukasoma Fatiha.

Alijenga vizuri mpaka kwenye linta. Kisha akasimama. Nilipomwuliza akasema fedha zimekwisha. Nami nikasema haiwezekani, fedha zote amezila. Yeye akasema, "Wewe ulinitaka niongeze chumba cha mtoto. Ukanitaka niuhamishe mlango wa mbele. Ukasema dirisha liwe kubwa. Nani atalipa?" Ni kweli niliyasema yote hayo. Niliyasema nikipita asubuhi kwenda kazini, nimesimama kando ya zege, naye akaniitikia "hewala bwana." Mimi nilidhani "hewala" yake ni kwamba yamo katika bei. Yeye alidhani yangu ni kwamba nitaongeza. Bei ya saruji nayo ilikuwa imepanda, na hatukuwa tumesema ikipanda ni juu ya nani.

Tuliacha kusemezana. Nyumba niliimaliza kwa fundi mwingine. Tulikuwa tukikutana msikitini, yeye safu hii na mimi safu ile, tukitoa salamu kulia na kushoto, lakini mikono hatupeani.

Kisha akafariki ghafla. Nilikwenda maziko. Baada ya kuzika, ndugu yake alisimama akasema maneno ambayo sote tumeyasikia mara nyingi: anayemdai marehemu na awaone jamaa zake, na anayedaiwa na marehemu naye na afanye hivyo. Watu waliinamisha vichwa. Mimi nilisimama pale kando ya kaburi bila ya kujua niko upande gani. Je, nilikuwa namdai au alikuwa akinidai? Wallahi sikujua, na mtu wa kuniambia alikuwa chini ya mchanga.

Baada ya hitima nilikwenda kwa wanawe. Nao hawakuwa na karatasi. Nilitoa nilichotoa, wakapokea kwa adabu, lakini mpaka leo sijui kama nililipa deni au nilitoa sadaka.

AYA NDEFU KULIKO ZOTE

Nasema hayo kwa aibu, kwa kuwa mimi nilihifadhi juzuu kadhaa utotoni, na aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii Sala wala Hija. Yazungumzia kuandika deni. Yatuamrisha tukikopeshana kwa muda maalumu tuandike, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye asemeshe maneno, wawepo mashahidi, na tusichoke kuandika liwe deni dogo au kubwa. Tena yaeleza faida yake: ndiyo njia iliyo karibu zaidi na kuondoa shaka. Aya hiyo tuliisoma sote, na bado tukafanya kuandikiana kuwa ni dalili ya kutoaminiana.

Wanazuoni nao waliishughulikia kazi ya kuagiza. Kumwajiri fundi mikono yake tu, nawe ununue mawe na saruji, ni ijara, na haina ugumu. Lakini kumwambia "nijengee kwa vifaa vyako, unikabidhi kikiwa tayari", hiyo huitwa istisnaa. Mahanafi waliikubali kwa sababu watu wanaihitaji. Sisi Mashafii wa pwani, katika vitabu vyetu vya zamani, twaihesabu kwa masharti ya salam, ambayo yataka bei yote ilipwe mwanzo. Lakini hata wakitofautiana namna hiyo, wote hurudi kwenye jambo moja: kinachoagizwa lazima kijulikane sifa zake, kisiwe cha kubahatisha. Gharari, yaani kuuziana kisichojulikana, ndiyo waliyoikimbia. Na mimi na rafiki yangu tulijengeana gharari yenye vyumba vitatu na ukumbi.

Zaidi ya hayo, wengi wetu hatutaki mkopo wa riba. Kwa hivyo hujenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu paa. Ni njia ya halali na ya fahari. Lakini tazama lifanyalo: mapatano yaliyosemwa leo yatatimizwa baada ya miaka mitatu au minne. Bei zitakuwa zimebadilika, fundi atakuwa amesahau, nawe utakuwa umesahau. Anayejenga polepole ndiye anayeihitaji karatasi kuliko anayejenga kwa mkupuo mmoja.

Sheria ya Kenya, kwa upande wake, hulazimisha mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi. Ramani ya nyumba nayo huidhinishwa na kaunti. Tangu sheria ya mwaka 2011 kuna mamlaka ya ujenzi inayoandikisha wakandarasi, na kanuni za ujenzi zilizodumu tangu 1968 zimepisha kanuni mpya tangu Machi 2025. Yote hayo ni mema, yapasa mtu aulize fundi wake ameandikishwa au la. Lakini hakuna ofisi itakayokuja kukuuliza wewe na fundi wako mlisema nini kando ya zege.

MBELE YA KIWANJA

Tulifika Katelembo saa nne asubuhi. Fundi alikuwa Mkamba wa makamo, amevaa koti kuukuu na kofia, na mfukoni ana daftari la shule lililojaa hesabu. Alitutandikia mkeka chini ya mti. Alituambia kwamba babake alijengewa nyumba kwa mwethya, yaani majirani wote hujikusanya wakajenga, mwenye nyumba akawapikia, na kesho wote wakaenda kwa jirani mwingine. Kwetu pia tulikuwa na siku ya kukandika: wanaume huleta fito na boriti, wanawake huteka maji, udongo ukapigiliwa siku moja. "Wakati ule hakuna haja ya kuandika, mzee," akasema. "Wote mwakaa mahali pamoja mpaka kufa. Aliyekosa ataonekana. Leo huyu mwenye nyumba yuko Nairobi, nami kesho niko Kitui kwenye kazi nyingine."

Alisema kweli. Uaminifu wa wazee ulikuwa na mashahidi kijiji kizima. Sisi tumeondoa kijiji tukabakisha uaminifu peke yake, kisha tunashangaa ukianguka.

Wakaanza kusoma. Malipo yatatolewa kwa hatua: msingi ukikamilika, kuta zikifika linta, paa likiezekwa, lipu na sakafu zikimalizika. Hakuna hatua italipwa kabla haijakaguliwa. Sehemu ya kumi ya kila malipo itazuiliwa mpaka nyumba ipitishe msimu mmoja wa mvua, ionekane kama paa linavuja au ukuta una ufa. Saruji ikipanda bei, ongezeko litagawanywa nusu kwa nusu. Na mabadiliko yoyote, hata ya dirisha moja, yataandikwa katika daftari pamoja na bei yake, wote wawili watie sahihi, ndipo mwiko uguse jiwe. Niliposikia hilo la mwisho nilinyamaza, nikatazama kando.

Kisha mpwa wangu akaanza kusoma habari za kijumba cha uani. Chumba kimoja, bafu na choo. Dada yangu, aliyekuwa kimya wakati wote akivuta uradi, akauliza, "Na jiko?"

Kijana akasema, "Mama, wewe umechoka. Utakula kwetu, utapikiwa."

Dada yangu akamtazama. "Mwanangu, mwanamke asiye na jiko lake ni mgeni. Mgeni huaga. Wataka niage lini?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba ramani ilikuwa imekamilika, imepigwa mhuri, na aliyekusudiwa kukaa humo hakuwahi kuulizwa. Watu wa Lamu walipojenga juu ya nyumba zao orofa ya binti anayeolewa, mama na binti ndio waliosema nini kiwe wapi, kwa maana nyumba ilikuwa ya mwanamke. Huku bara tumegeuza, kijana amjengea mamake, na ni heri kubwa. Lakini anayejengewa kwa mapenzi pia ana ulimi.

Dada yangu akasema mahitaji yake, na fundi akayaandika moja moja. Jiko dogo lenye dirisha. Kibaraza mbele cha kukaa jioni. Kizingiti kisiwe na ngazi, magoti hayamwitikii. Mfereji wa chini wa kutawadhia. Na choo kisielekee kibla wala kukipa mgongo. Fundi akainua kichwa, akauliza kwa heshima kibla ni nini na kiko wapi. Nikamweleza kwamba kutoka Machakos Makka iko kaskazini, imepinda kidogo upande wa mashariki. Akasimama, akatazama jua, akachora mshale katika daftari lake, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: CHOO KITAZAME MASHARIKI AU MAGHARIBI. Kama lisingeandikwa, yule bwana Mkristo angejengaje jambo asilolijua? Na kosa lingekuwa la nani?

Kisha ikaandikwa bei ya jiko na kibaraza, ikaongezwa. Kijana alikunja uso kidogo, akatia sahihi. Fundi akatia sahihi. Jirani mmoja akatia upande wa fundi, nami upande wa mpwa wangu. Dada yangu naye akaitaka kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu kama tulivyofundishwa chuoni. Hakuna aliyemzuia.

NENO LA MWISHO

Najua baadhi ya wasomaji watasema: huu ni Uzungu, sisi hupatana kwa mdomo na Mungu ni shahidi. Nami nakubali kwamba Mungu ni shahidi. Lakini Yeye mwenyewe ndiye aliyetuamrisha tuandike. Wazee nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walioisema walikuwa wafanyabiashara wa majahazi, watu wa kuaminiana hasa. Walijua kwamba fedha si kitu pekee kinachopotea. Mimi nyumba yangu ninayo, paa halivuji. Nilichopoteza ni rafiki.

Basi wewe unayekusanya mawe yako leo, iwe Katelembo, iwe Kisauni au Malindi, mwite fundi wako, mwite na yule utakayemkalisha humo, mkae mkekani mapema. Nami nimetunga ubeti huu nikirudi, ndani ya basi, nawapa:

Nyumba yaanza nenoni, kabla haijawa jiwe,
Litiwe karatasini, mashahidi nao wawe,
Fundi ajue yakini, mwenye nyumba atambuwe,
Mauti yakitukuta, deni letu lijuliwe.